Je, Wajua? Kazi ya Balozi Inavyofika Hadi Vwawa

Je, wajua kwamba mpaka wa Tanzania na Zambia pale Tunduma na Nakonde ulichorwa na wanadiplomasia mezani Berlin? Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba unaojulikana kwa majina ya Heligoland na Zanzibar. Mstari ulianzia pale mto Songwe unapoingia Ziwa Nyasa, ukapanda kuelekea Ziwa Tanganyika. Waingereza waling'ang'ania kwamba njia iliyounganisha maziwa hayo mawili, Stevenson Road, ibaki kwao, ndiyo maana mpaka ukapita kaskazini yake. Wapimaji wa pande zote mbili walikuja mwaka 1898, na mapatano yakatiwa saini 1901. Wanamwanga, wenyeji wa eneo hilo, hawakuulizwa. Leo wako huku na kule: mtu ana shangazi Nakonde na shamba Tunduma, na akienda msibani anavuka nchi.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere ndiye aliyewashawishi wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), Cairo, Julai 1964, waiheshimu mipaka hiyo kama walivyoirithi? Wapo wanaomlaumu hadi leo. Mimi naona uamuzi ule uliokoa damu nyingi, ila uliacha kazi moja kubwa mikononi mwa waliokuja baadaye: kuhakikisha mstari ule hauwaumizi watu wanaoishi juu yake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mabalozi, na safu ya leo ni yao.

Je, wajua kwamba Nakonde, ndani ya ardhi ya Zambia, kuna maofisa wa Tanzania wanaofanya kazi kwa sheria za Tanzania? Ndio utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho Rais Magufuli na Rais Lungu walikizindua Oktoba 2019. Anayetoka kwetu anavuka, anasimama mara moja tu upande wa pili. Mtanzania anamgongea muhuri wa kutoka, anasogea kwa Mzambia, anagongewa wa kuingia. Anayekuja huku anafanyiwa hivyo hivyo Tunduma. Kumruhusu ofisa wa jirani kutumia sheria zake ndani ya ardhi yako si jambo dogo. Huwezi kulifanya bila mkataba, na mkataba hauji bila vikao vingi ambavyo hakuna gazeti linaloviandika.

Foleni bado ipo, nani asiyeijua? Malori yanapanga mstari kuelekea Chapwa na Mpemba, utingo amewasha jiko la mkaa chini ya tela, kando yake kuna kidumu cha maji na sufuria ya ugali, dereva amelala kwenye kabini miguu ikiwa dirishani. Wauza ndizi wanapita na mabeseni, wabadilisha fedha wamekunja kwacha na shilingi kwenye kiganja kimoja. Ndani ya tela moja kuna shaba ya Congo inayokwenda bandarini Dar es Salaam, kwenye jingine mbolea inayopanda kwenda Zambia. Kila saa lori linapokaa hapo kuna mtu anaumia, na wa kwanza kuumia ni huyo aliyelala miguu ikiwa dirishani.

Mei 2020, wakati wa Uviko-19, Zambia iliufunga mpaka huu baada ya maambukizi kuongezeka Nakonde. Siku chache baadaye mizigo ikaruhusiwa kupita. Aprili 2025 Tanzania nayo ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kujibu vizuizi vya nchi hizo dhidi ya bidhaa zetu. Zuio lilianza tarehe 23 na halikumaliza wiki, likaondolewa kupisha mazungumzo. Wakulima wa Ileje, walio jirani na Malawi, wanajua siku moja ya mpaka uliofungwa inagharimu nini. Mkuu wa geti hana mamlaka ya kutatua jambo la namna hiyo. Hapo serikali inazungumza na serikali, na balozi ndiye mlango.

Je, wajua kwamba mambo ya nchi za nje ni ya pili kwenye orodha ya mambo ya Muungano katika Katiba yetu, baada tu ya Katiba yenyewe na Serikali ya Muungano? Ndiyo maana balozi wetu, awe mtu wa Pemba au wa Mbozi, anawakilisha pande zote mbili.

Je, wajua kwamba balozi mmoja anaweza kupewa nchi nyingi? Ubalozi wetu Stockholm unahudumia nchi za Nordic na za Baltic pamoja. Utaratibu huo unaruhusiwa na Mkataba wa Vienna wa 1961, wenye ibara 53, ambao ndio sheria mama ya kazi hii duniani.

Mkataba huo una mengi yanayoelezwa vibaya mitaani, kwa hiyo tuyapitie haraka. Eneo la ubalozi si ardhi ya nchi nyingine. Ubalozi wa China ulioko Dar es Salaam umo Tanzania, ila polisi hawaruhusiwi kuingia bila idhini ya mkuu wa ubalozi. Kinga ya mwanadiplomasia si mali yake. Ni ya nchi iliyomtuma, na nchi hiyo inaweza kuiondoa. Nchi mwenyeji inaweza kumtangaza mwanadiplomasia kuwa hatakiwi, na haidaiwi maelezo. Na balozi, pamoja na kinga yote aliyo nayo, ana wajibu wa kutii sheria za nchi aliyopo na kutojiingiza kwenye siasa zake za ndani.

Januari 1965 Tanzania iliutumia uwezo huo wa kumkataa mwanadiplomasia, ikawafukuza maofisa wawili wa Marekani. Mmoja alikuwa Frank Carlucci, konseli wa nchi yake Zanzibar. Mwaka 1987 Carlucci huyo huyo akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Je, wajua habari ya sanduku la Stansted? Julai 1984 maofisa wa forodha wa Uingereza walifungua sanduku kubwa uwanja wa ndege, wakamkuta Umaru Dikko, waziri wa zamani wa Nigeria, aliyetekwa London na kupewa dawa ya usingizi. Mfuko wa kidiplomasia haufunguliwi. Lakini mkataba unataka uwe na alama zinazoonekana nje, na sanduku lile halikuwa nazo. Alama hizo kukosekana ndiko kulikomwokoa.

Je, wajua kwamba kabla ya nchi zetu kuwa na wizara za mambo ya nje, pwani hii ilishatuma mjumbe New York? Tarehe 30 Aprili 1840 meli iitwayo Sultana ilitia nanga huko, na ndani yake alikuwemo Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Seyyid Said wa Zanzibar na Oman. Alibeba pembe za ndovu, karafuu, tende, kahawa na ngozi. Alipeleka pia zawadi za Rais Van Buren, wakiwemo farasi wawili. Katiba ya Marekani haimruhusu Rais kupokea zawadi za wafalme bila ridhaa ya Bunge, kwa hiyo farasi wakauzwa mnadani na fedha zikaingia hazina ya serikali. Wamarekani nao waliitengeneza meli yake kwa gharama zao kabla hajarudi. Mchoraji Edward Mooney alimchora picha, na sura yake tunaijua mpaka leo.

Sasa turudi nyumbani, mkoani Songwe, kwenye reli.

Je, wajua kwamba reli inayopita Vwawa ni matunda ya diplomasia kuliko matunda ya biashara? Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyopitisha shaba yake kusini, ikabaki imebanwa. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wameshasema reli ya kwenda Dar es Salaam hailipi. Mataifa ya Magharibi hayakutaka kuijenga. Mwalimu alikuwa amekwenda China Februari mwaka ule, na Zhou Enlai akaja Tanzania Juni. Tarehe 5 Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mkataba Beijing. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, mwaka 1973 reli ikafika Tunduma, na Julai 1976 kilomita zote 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zikakabidhiwa kwa nchi mbili. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, na kuna makaburi yao Gongo la Mboto. Wazee wa Mbozi waliotifua udongo pamoja nao wanapungua kila mwaka, na inaniuma kwamba simulizi zao nyingi hazijaandikwa.

Je, wajua kwamba tulikatisha uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia hiyo hiyo? Ilikuwa Desemba 1965. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa, na Tanzania haikurudi nyuma. Uhusiano ulirejeshwa 1968. Tukabaki wanachama wa Jumuiya ya Madola muda wote huo, jambo linaloonyesha kwamba kumrudisha balozi nyumbani na kuvunja undugu ni vitu viwili tofauti.

Je, wajua kwamba mwaka mmoja baada ya ujenzi wa reli kuanza, Tanzania ililipa wema kwa kura? Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura juu ya nani akalie kiti cha China: serikali ya Beijing au ile ya Taiwan. Kura 76 ziliiunga mkono Beijing, 35 zikapinga, nchi 17 hazikupiga upande wowote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliowasilisha azimio hilo, na matokeo yaliposomwa wajumbe wetu walicheza ukumbini. Picha ya furaha ile ilizunguka dunia na kuwaudhi Wamarekani. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku hiyo alikuwa George H. W. Bush, aliyekuja kuwa Rais wa nchi yake 1989.

Balozi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim, na hapa nitakaa kidogo, maana vijana wengi wa Songwe wanalijua jina bila kuijua kazi.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1942. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, aliteuliwa balozi Misri. Umri huo leo kijana anahangaika na barua za kuomba kazi. Mwaka 1965 akapelekwa India, 1969 akawa Beijing, 1970 akaenda Umoja wa Mataifa na kukaa miaka kumi. Kuanzia 1972 aliongoza kamati ya kuondoa ukoloni, wakati ambao Msumbiji, Angola na Zimbabwe zilikuwa bado vitani. Fikiri kazi hiyo kwa ukaribu: asubuhi unakutana na wapigania uhuru wasio na nchi, mchana unakaa meza moja na wawakilishi wa wanaowatawala, jioni unaandika taarifa kwa Rais wako, na kila unalosema litanukuliwa. Mwaka 1979 alichaguliwa Rais wa Baraza Kuu.

Mwaka 1981 aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim. Marekani ikamzuia Salim kwa kura ya turufu. China nayo ikamzuia Waldheim mara 16. Mwishowe wote wawili wakakaa pembeni, na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kwa hiyo nasema bila kusita: kura ya 1971 ilimgharimu mtu wetu kiti kikubwa kuliko vyote, na alikuwa anastahili kukikalia. Alikuja kuwa Waziri Mkuu, kisha Katibu Mkuu wa OAU kuanzia 1989 hadi 2001. Septemba 2019 China ilimtunuku Nishani ya Urafiki. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa 1978 na Tanzania kwa kushirikiana na Msumbiji, sasa kina jina lake.

Je, wajua kwamba marais wawili wa Tanzania walikuwa mabalozi kwanza? Ali Hassan Mwinyi aliwajibika kisiasa na kujiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mauaji yaliyofanywa na vyombo vya dola Shinyanga, kisha mwaka 1977 akapelekwa Misri. Mwaka 1985 akawa Rais. Benjamin Mkapa alianzia Nigeria mwaka 1976. Usidhani ilikuwa safari nyepesi: Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, na Nigeria ikakata uhusiano nasi. Mkapa alikwenda kwa watu waliokuwa na kila sababu ya kutukumbuka vibaya. Baadaye akawa Canada, kisha Marekani, na Ikulu akaingia 1995. Naamini miaka ya kuitazama nchi yako ukiwa nje yake inamfundisha kiongozi mambo ambayo jukwaa la kampeni haliwezi.

Je, wajua kwamba waziri aliyesimamia mawasiliano wakati reli inajengwa ndiye aliyekwenda kuwa balozi China? Job Lusinde alikaa Beijing karibu miaka kumi. Uteuzi wa namna hiyo ndio ninaoupenda: mtu anakwenda ugenini akiijua kazi kwa mikono yake.

Septemba 2024, Beijing, Rais Samia, Rais Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping walishuhudia makubaliano ya awali ya kuifufua reli hiyo, TAZARA, yakitiwa saini. Vwawa tunasubiri kusikia honi.

Je, wajua kwamba kahawa ya Mbozi inanyweka Japani kwa jina la Kilimanjaro? Kule, kwa kanuni za soko lao, kahawa ya arabika ya Tanzania inaruhusiwa kuuzwa kwa jina hilo hata kama haikuota mlimani, isipokuwa ile ya Bukoba. Kwa hiyo mama wa Mbozi anachuma tunda jekundu moja moja, analimenya kwenye mashine, analichachusha, analiosha, analianika kwenye vichanja na kuligeuza jua lisije likaliunguza. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Mbimba, hapa hapa Mbozi, wanamhangaikia mche. Kisha Tokyo mteja anasoma mlima ulio mamia ya kilomita kutoka shambani. Jina la Kilimanjaro linauza, silikatai. Ila tangu sera yetu ya mambo ya nje ya 2001 balozi anapimwa pia kwa soko analolifungua, na toleo jipya la sera hiyo, lililozinduliwa 2025, limekazia hapo hapo. Namwomba yeyote aliyepo Tokyo aweke neno Mbozi kwenye pakiti, hata kwa herufi ndogo.

Je, wajua kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya nne ya SADC tangu Agosti 2019? Dereva wa Tunduma alikuwa ameshakifikisha Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, zamani.

Je, wajua kwamba wanaolipa gharama kubwa za ubalozi mara nyingi si wanadiplomasia? Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Mmarekani. Nairobi walikufa zaidi ya 200, wengi wao Wakenya. Walinzi, madereva, watu waliokuwa wakipita njia. Ukisikia mtu anasema kazi ya ubalozi ni karamu na suti, mkumbushe siku hiyo.

Karamu zipo, na zina kazi yake. Lakini siku ya kawaida ya ofisa wa ubalozi ni pasi iliyopotea, mwanafunzi aliyekatiwa ada, mfungwa anayetaka mtu wa kuongea naye lugha yake, maiti inayotakiwa kusafirishwa wakati ndugu bado wanachanga. Hakuna anayetangaza hayo kwenye televisheni. Familia iliyopokea jeneza la mwanawe salama haimsahau aliyeshughulikia karatasi.

Nina la mwisho, na ningependa ulisome hata kama mengine umeyapitia juu juu.

Watu wa mkoa huu tunavuka sana. Wengine wanaishia Nakonde, wengine Lusaka, wengine wanaendesha malori hadi Lubumbashi. Lusaka tuna ubalozi, jengo la Ujamaa House, barabara ya United Nations. Lubumbashi tuna Konseli Kuu. Balozi wa nyumba kumi anajua nani kahamia mtaani kwake kwa sababu mgeni hupelekwa kwake kutambulishwa. Balozi wa nje naye hawezi kukujua usipojitambulisha. Ukienda kukaa, jiandikishe. Acha nakala ya pasi yako kwa mtu wa nyumbani, na uwe na namba ya ubalozi mahali ambapo simu ikiibwa haipotei nayo.

Na ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu huduma za konseli, ibara ya 36, unakupa haki ya ubalozi wako kujulishwa bila kuchelewa ukiomba. Ubalozi hauwezi kukutoa gerezani wala kukushindia kesi. Unaweza kukutembelea, kuwajulisha wazazi wako, na kukusaidia kupata wakili. Polisi wanatakiwa kukueleza haki hiyo, na wengine hawakuelezi. Basi iombe mwenyewe, kwa Kiingereza, Kibemba au Kiswahili, na umfundishe mwanao aliyepata leseni ya kuendesha lori juzi: mimi ni Mtanzania, naomba ubalozi wangu ujulishwe.